Unabii Uliotimia na Wokovu kwa Imani: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Jumatano jioni nafundisha darasa la ubatizo la watu wazima. Tunakaa mabenchi ya nyuma kanisani, umeme ukikatika tunawasha taa za simu na kuendelea. Maswali yaliyomo humu ni ya wanadarasa wangu, na mengi nimeulizwa zaidi ya mara moja. Maandiko nimeyanukuu kutoka Biblia ya Muungano ya 1952, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tuliyokaririshwa tukiwa watoto.

"Unabii uliotimia" maana yake nini hasa?

Siku hizi ukitaja nabii, mtu anafikiria bango barabarani lenye picha ya mtu aliyevaa suti. Hilo liweke kando kwanza. Nabii wa Biblia ni msemaji wa Mungu, na ukiwasoma Amosi, Isaya na Yeremia utaona sehemu kubwa ya maneno yao ni karipio la wakati wao wenyewe: mizani ya udanganyifu, waamuzi wala rushwa, wajane walionyang'anywa haki. Katikati ya karipio hilo ndimo zinamokaa ahadi za mambo yatakayokuja.

Na kutimia nako kuna namna zaidi ya moja. Mika 5:2 inataja mji: Bethlehemu Efrata, "uliye mdogo kuwa miongoni mwa elfu za Yuda", ndiko atakakotoka mtawala. Hiyo ni ahadi ya moja kwa moja. Lakini Mathayo anaponukuu Hosea 11:1, "Kutoka Misri nalimwita mwanangu", Hosea hakuwa akitabiri lolote pale. Alikuwa akikumbuka Waisraeli walivyotolewa utumwani. Mathayo anajua hivyo. Neno la Kigiriki analolitumia kwa "kutimia" ni lile lile la kujaza chombo, kama unavyojaza ndoo mpaka ukingoni. Kwake, historia ya Israeli ni ndoo iliyokuwa na maji nusu, na katika Yesu inajaa. Asiyeijua tofauti hii husumbuliwa bure na watu wanaodai Mathayo alinukuu ovyo.

Kama ni kuchagua unabii mmoja tu, uwe upi?

Isaya 53. Sisiti hata kidogo.

Soma Matendo 8. Mtu wa Kushi, towashi (mwanamume aliyehasiwa), mtunza hazina wa Kandake malkia, anarudi kwao kutoka Yerusalemu. Kushi ni huko juu ya mto Nile, Sudani ya leo, na Kandake ni cheo cha malkia wa Meroe. Huyu ni Mwafrika mwenye madaraka, ameketi garini, anasoma kwa sauti. Filipo anakimbia kando ya gari, anasikia maneno ya Isaya, anauliza: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Naye anajibu kwa unyofu ambao waheshimiwa wachache wanao: "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?"

Alikuwa amefika pale pa mwana-kondoo apelekwaye machinjoni, asiyefunua kinywa chake. Akauliza swali ambalo mpaka leo ndilo swali lenyewe: nabii anamsema nani, ajisema mwenyewe au mtu mwingine?

Mistari iliyotangulia ile aliyokuwa akiisoma inasema: "Bali alijeruhiwa kwa makosa yetu, alichubuliwa kwa maovu yetu, adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, na kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Hesabu mara ngapi linakuja "yetu" na "sisi". Anayeteswa hana kosa, na wenye kosa wamesimama pembeni wakidhani Mungu ndiye aliyempiga kwa sababu zake mwenyewe. Kisha anakufa, anazikwa "pamoja na matajiri katika kufa kwake", na baada ya kufa anaendelea kutajwa kama mtu atakayeona mazao ya taabu yake. Filipo hakuhitaji andiko jingine. Alianzia hapo hapo akamhubiri Yesu.

Tutajuaje kwamba Wakristo hawakuyaandika hayo baadaye, halafu wakasema ni unabii?

Swali zuri, na kwa bahati njema lina jibu unaloweza kwenda kulitazama kwa macho. Mwaka 1948 dunia ilianza kusikia habari za magombo ambayo wachungaji wa Kibedui waliyapata katika pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Mojawapo ni gombo la Isaya, kitabu kizima, sura zote 66, kwenye ngozi zilizoshonwa pamoja zenye urefu wa zaidi ya mita 7. Wataalamu wa maandishi ya kale wanaliweka karne ya 2 kabla ya Kristo. Sura ya 53 imo. Liko Yerusalemu, katika Jumba la Makumbusho la Israeli.

Utasikia pia kwamba wasomi wengi wanaona sura za 40 na kuendelea ziliandikwa wakati wa uhamisho wa Babeli au baada yake, si na Isaya wa siku za mfalme Hezekia. Mimi nasoma kitabu kama kazi moja, ila sitaki mtu ayumbe kwa hoja hiyo. Chukua tarehe ya chini kabisa wanayoitoa: bado wino ulikuwa umekauka zaidi ya miaka 100 kabla Yesu hajazaliwa.

Wayahudi wana Isaya huyo huyo. Mbona hawamwoni Yesu humo?

Wengi wao humwona yule anayeteswa katika Isaya 53, ambaye Isaya humwita mtumishi wa Mungu, kuwa ni taifa la Israeli lenyewe, linaloteseka katikati ya mataifa. Rashi, mfasiri wao mkubwa aliyefariki mwaka 1105, aliandika hivyo. Usilibeze jibu hilo. Isaya 49:3 inasema wazi, "Wewe u mtumishi wangu, Israeli". Na ukikumbuka Wayahudi walivyoteswa Ulaya, mara nyingi na watu waliojiita Wakristo, utaelewa kwa nini sura hii wanaisoma kwa machozi yao wenyewe.

Nionavyo mimi, maandiko yenyewe yanakwenda mbele zaidi. Mistari miwili tu baadaye, 49:5 na 6, mtumishi anapewa kazi ya kumrejeza Israeli kwa Mungu, kwa hiyo lazima awe pia mtu aliyesimama mbali na Israeli. Na 53:8 inasema alipigwa kwa makosa ya "watu wangu". Targumi ya Yonathani, tafsiri ya kale ya Kiaramu iliyotumika katika masinagogi, humwita mtumishi wa 52:13 Masihi, ingawa mateso yake inayaeleza kwa namna tofauti na yetu. Kumwona Masihi mahali hapa, basi, hakukuanzia kwa Wakristo wa Mataifa.

Na ile ya bikira, Isaya 7:14? Nimesikia neno la Kiebrania halisemi "bikira".

Umesikia sawa. Neno la Kiebrania ni la msichana aliyefikia umri wa kuolewa. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki kabla ya Kristo ndio waliochagua neno linaloeleweka kuwa bikira, na Mathayo alinukuu tafsiri hiyo. Aidha, ishara hiyo ilitolewa kwanza kwa mfalme Ahazi, aliyekuwa akitetemeka mbele ya majeshi ya Shamu na Israeli, miaka 700 na zaidi kabla ya Bethlehemu. Ilikuwa na maana kwa Ahazi, kisha ikajazwa na Imanueli mwenyewe. Ndoo tena. Mimi naamini Yesu alizaliwa na bikira kwa sababu Mathayo na Luka wanashuhudia hivyo, kila mmoja kwa njia yake. Simlazimishi mtu kwa neno moja la Kiebrania.

Ni kweli Yesu alitimiza unabii zaidi ya 300, na uwezekano wa kutokea kwa bahati ni moja kwa matrilioni?

Ujumbe huo huzunguka WhatsApp kila Pasaka. Naomba usiutegemee. Orodha za namna hiyo huchanganya ahadi za wazi, mifano, na mistari iliyovutwa kwa nguvu, na zile hesabu za uwezekano hujengwa juu ya namba ambazo mtu alizikadiria tu. Mtu makini akivunja kumi kati ya 300, utaona kama imani yako yote imevunjika, kumbe ni orodha ndiyo iliyovunjika.

Chukua chache ukae nazo. Mika 5. Zekaria 9:9, mfalme anayeingia amepanda mwana-punda. Zaburi 22, inayoanza kwa kilio alichokilia Yesu msalabani, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?", ikapita kwa watu wanaogawana nguo na kuzipigia kura, ikaishia kwa miisho yote ya dunia kumrejea BWANA. Mstari wa 16, "Wamenizua mikono na miguu", una utata katika nakala za Kiebrania: nyingi zina neno linalosomeka "kama simba", huku tafsiri ya kale ya Kigiriki ikisema "wamechimba". Nawaambia wanadarasa hilo mapema, walisikie kwangu kabla hawajarushiwa na mtu anayetaka kuwaaibisha.

Danieli 9 na majuma yake 70, naipita. Wacha Mungu wenye elimu kubwa wameipigia hesabu tofauti tofauti, na wokovu wa mtu hautegemei kalenda hiyo.

Lakini Yesu aliyajua Maandiko. Si angeweza kujipanga tu ayatimize?

Mengine alijipanga kweli. Alituma wanafunzi wamletee punda, akijua Zekaria aliandika nini. Kwa kitendo hicho alikuwa akisema, bila kutamka neno, "Mfalme wenu ndiye huyu."

Ila mtu hapangi azaliwe wapi. Hapangi askari wa Kirumi wafanye nini na kanzu yake, wala hapangi tajiri atoe kaburi baada ya yeye kukata roho. Wapo watakaosema wanafunzi ndio walioipamba habari baadaye. Tazama basi hali yao kwenye Luka 24. Wawili wanatembea kwenda Emau nyuso zimekunjamana, wanasema "tulikuwa tukitumaini". Tulikuwa! Hawakumtazamia Masihi wa kusulubiwa, walimtazamia wa kuwafukuza Warumi. Kwao msalaba ulikuwa ndio ushahidi kwamba wamekosea. Ilibidi Yesu mwenyewe awafungulie Maandiko, akianzia Musa na manabii wote. Walianza na tukio lililowavunja moyo, ndipo wakagundua kwamba liliandikwa.

Jirani yangu Mwislamu anasema Isa hakusulubiwa. Nimjibuje?

Kwa adabu kwanza, maana unakula naye pilau ya Idi na yeye anakuja kwako Krismasi. Pili, usibishane ili ushinde. Mweleze kwamba kuuawa kwa Yesu kumeandikwa hata na watu wasiompenda: Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi aliyewaona Wakristo kuwa watu wa ushirikina mbaya, anaandika mwanzoni mwa karne ya 2 kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, Tiberio akiwa kaisari. Jiwe lenye jina la Pilato lilifukuliwa Kaisaria mwaka 1961.

Halafu mwambie kwa nini jambo hili ni kubwa kwako. Yeye anaona haiwezekani Mungu amwache nabii wake aaibishwe hivyo, na nia yake ni kumheshimu Isa. Isaya naye aliliona ni jambo la kushangaza, ndiyo maana anaanza kwa kuuliza, "Ni nani aliyesadiki habari tuliyoileta?"

Sawa, unabii ulitimia. Hilo linaniokoaje mimi?

Kujua kwamba ulitimia hakukuokoi. Yakobo anasema mashetani nao waamini na kutetemeka.

Kiungo ni kile kile cha Isaya 53: "Na BWANA ameweka juu yake maovu yetu sisi sote." Mzigo umekwisha kuhamishwa. Fikiria daftari la mkopo la duka la mtaani, ukurasa wenye jina lako, sukari, mafuta ya taa, unga, mistari mpaka chini. Unafika mwisho wa mwezi ukiwa umeandaa maneno ya kuomba muda, na mwenye duka anageuza daftari akuonyeshe: ukurasa wote umepigwa mstari, mtu amelipa. Sasa utafanya nini? Unaweza kukataa kuamini, ukaendelea kupita njia ya nyuma kumkwepa mwenye duka miaka yote. Au unapokea. Kupokea huko ndiko Biblia inakokuita imani, kama Waefeso 2:8 inavyosema: "Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, ambayo hiyo haikutokana na nafsi zenu, ni kipawa cha Mungu."

Paulo hakulibuni hili. Anarudi kwa Habakuki 2:4, mwenye haki ataishi kwa imani yake, na nyuma zaidi kwa Ibrahimu. Katika Mwanzo 15:6 Abramu anamwamini BWANA naye anahesabiwa haki. Anatahiriwa lini? Sura ya 17, akiwa na miaka 99. Ishmaeli alizaliwa Abramu akiwa na miaka 86, na hiyo ni sura ya 16. Kwa hiyo alihesabiwa haki zaidi ya miaka 13 kabla ya tohara, kabla ya torati, kabla ya hekalu. Warumi 4 yote imejengwa juu ya hesabu hiyo ndogo.

Basi matendo hayana kazi? Mbona Yakobo anasema imani bila matendo imekufa?

Waefeso 2 usiishie mstari wa 9. Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mwembe hauwi mwembe kwa kuzaa maembe, ila ukipita miaka na miaka bila hata ua, mwenye shamba ataukagua mizizi. Yakobo anaongea na mtu anayemwona ndugu yake yu uchi na mwenye njaa, akamwambia "enendeni zenu kwa amani" na kufunga mlango. Paulo anaongea na mtu anayedhani atamlipa Mungu.

Hapa Afrika Mashariki tumeyaona kwa macho. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, na Uganda miaka ya 1930, ambao ndio uliotuachia neno "walokole" na wimbo wa Tukutendereza, ulihubiri neema tupu. Na watu waliopokea neema hiyo walirudisha vitu walivyoiba na kuungama hadharani kwa waliowakosea. Hakuna aliyewaambia kwamba kurudisha mbuzi kungewaokoa.

Suala hili liligawanya Kanisa tangu Luther, mwaka 1517. Tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, katika imani kwa kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu. Tofauti hazikwisha zote, lakini mtu asikuambie kwamba Wakatoliki wanafundisha wokovu wa kununua.

Niliokoka, nikarudi nyuma. Nimepotea kabisa?

Petro alimkana Bwana mara tatu kando ya moto wa makaa, na kando ya moto wa makaa akaulizwa mara tatu, "Wanipenda?" Rudi. Hata leo.

Nabii mmoja ameniambia nitoe sadaka maalumu ili unabii wangu utimie. Nitoe?

Usitoe. Nasema kwa uchungu, maana ndugu yangu wa damu aliuza cherehani yake, ndiyo iliyokuwa ikimlisha, akanunua chupa ya mafuta aliyoambiwa ni ya upako. Ile chupa niliishika mkononi. Ilikuwa mafuta ya kupikia.

Na tazama: katika Matendo 8 hiyo hiyo ya towashi, mistari michache kabla, Simoni mchawi analeta fedha apewe uwezo wa Roho. Petro anamjibu, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Kisha anakuja mtunza hazina ya ufalme mzima, mwenye dhahabu kuliko Simoni mara elfu, na hakuna anayemwomba hata senti.

Wanaopanga tarehe nao wakimbie. Marekani, wafuasi wa William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, hakurudi. Kanungu, Uganda, mwezi Machi 2000, mamia ya watu waliangamia chini ya viongozi waliotabiri mwisho wa dunia. Shakahola, Kenya, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, watoto wakiwemo. Kumbukumbu la Torati 18:22 ilitupa kipimo zamani: nabii akinena na jambo lisitokee, usimwogope. Na yeyote anayekudai ulipe, kwa fedha au kwa njaa yako, kile ambacho Isaya 53 inasema kimelipwa, anamkana Isaya na aliyemtimiza.

Lazima nibatizwe ndipo niokoke?

Mnyang'anyi msalabani hakubatizwa, na alikuwa Peponi siku hiyo. Lakini towashi alipoona maji hakuuliza kama ni lazima, aliuliza ni nini kinachomzuia. Makanisa yetu yanatofautiana juu ya umri na wingi wa maji. Kwa mtu mzima aliyeamini na ana nafasi, sioni sababu ya kungoja.

Sala ya toba ina maneno maalumu?

Hapana. Mtoza ushuru wa Luka 18 alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi", akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Nianzie wapi kusoma?

Fungua Isaya 52:13, si 53:1. Mgawanyo wa sura uliwekwa karne ya 13 baada ya Kristo, na hapa ulikata wimbo katikati. Soma kwa sauti, kama yule Mkushi. Ukimaliza 53 usifunge kitabu.

Mwaka jana darasani kulikuwa na mama mmoja, ameolewa miaka 19 bila mtoto, na wakweze humwita mti mkavu mbele za watu. Nilimwomba asome yeye. Akamaliza sura ya 53, nikamwambia aendelee, akakuta: "Imba, wewe uliye tasa, wewe usiyezaa." Akanyamaza kidogo. Akafunua ukurasa, akafika 56:3, pale ambapo Mungu anaongea na mgeni na towashi, kuwa towashi asiseme, "Mimi ni mti mkavu", kwa sababu Mungu atampa ndani ya nyumba yake jina lililo jema kuliko wana na binti. Yule mtunza hazina alikuwa na gombo hili mapajani. Njia ya kwenda Kushi ni ndefu, na bila shaka alifika hapo kabla hajafika kwao.

Yule mama aliomba kalamu.